Uzi: Wakulima wa Kiingereza waliopewa mabomu na handaki mwaka 1940, wakafa bila kuwaambia hata wake zao

Mbeba Boksi Mstaafu

Wakuu habari za wikiendi. Uzi huu umenikaa kichwani muda mrefu, leo nimepata ofu mbili mfululizo ngoja niutoe. Ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Mimi niko Uingereza pande za Swindon, nafanya kea, yaani kutunza wazee majumbani mwao. Kuna bibi mmoja wa kizungu namhudumia, ana miaka tisini na ushee, yuko kijijini huko ng'ombe na matope tu, basi la mwisho saa kumi na mbili jioni. Siku moja kaniambia nimteremshie kopo lake la vifungo juu ya kabati, si mnalijua lile kopo la biskuti ambalo hata bibi yako analo, unalifungua kwa furaha unakutana na sindano na nyuzi. Humo katikati ya vifungo nikaona kibeji kidogo cha kubana kwenye koti, umbo la ngao, rangi nyekundu na buluu, kina namba namba. Namuuliza bibi hii kitu gani, ananijibu ni ya marehemu baba, nadhani ya chama cha reli au klabu ya mpira, hata sijui. Baba yake alikuwa mkulima. Reli hajaigusa maisha yake yote.

Nikaomba ruhusa nikapiga picha, usiku nikaanza kugugo. Wakuu nililala saa tisa.

Iko hivi. Mwaka 1940 Ujerumani imeimeza Ufaransa ndani ya wiki sita. Waingereza wamekimbilia Dunkirk, pwani ya Ufaransa, wakaokolewa kwa meli na mitumbwi wanajeshi zaidi ya 330,000 (ukihesabu na Wafaransa), ila mizinga, malori, vifaru vyote wameviacha huko huko ufukweni. Kwa hiyo wako kisiwani kwao, adui yuko ng'ambo ya mlango wa bahari wenye upana wa kilomita 30 na kitu, na silaha za maana hawana. Tarehe 14 Mei waziri wa vita Anthony Eden alishaingia redioni akaomba wanaume wajitolee kulinda vijiji vyao, ndani ya siku saba watu kama 250,000 wakajiandikisha. Hao ndio walikuja kuitwa Home Guard, hao kila mtu anawajua, wazee na vijana wadogo wanaofanya gwaride na bunduki za kuwindia na wengine fimbo.

Sasa nyuma ya hao kulikuwa na kikosi kingine ambacho hakikutangazwa redioni wala popote. Wakakipa jina la kuchosha makusudi, Auxiliary Units, yaani vikosi vya wasaidizi, ukilisikia unafikiri ni watu wa kubeba machela na kupika chai. Kumbe kazi yao ni moja: siku Mjerumani akitua, wao wasipigane naye, wasikimbie, wazame ardhini. Halafu akishapita juu yao ndio watoke usiku kwa mgongo wake, walipue maghala yake ya mafuta, ndege zake, reli, madaraja, waue maofisa wake.

Na waliochaguliwa sio makomandoo. Ni wakulima, vibarua wa mashamba, walinzi wa mapori ya matajiri, na majangili waliokuwa wanaiba sungura na kware kwenye mapori hayo hayo.

Naenda kula narudi.

kisiki_cha_mpingo

Nimeweka kiti cha mbele kabisa, na karanga ninazo.

Mama Wawili

Hapo kwa jangili na mlinzi wa pori kuwekwa handaki moja nimecheka. Miaka kumi mnafukuzana usiku leo mnaambiwa mlale kitanda cha juu na cha chini.

Kaka Mpole wa Same

Hii chai. Kijiji gani hicho kinatunza siri? Kwetu ukinunua nusu kilo ya nyama jumanne, ukifika nyumbani mama mkwe ameshajua na anauliza mna mgeni gani. Watu saba wachimbe handaki, waweke baruti, na mke asijue? Mkuu tupunguzie sukari.

Mbeba Boksi Mstaafu

Kaka Mpole nitakujibu, swali lako ndilo lililonifanya niandike uzi.

Kwanza jinsi walivyokuwa wanapatikana. Aliyepewa kazi ya kuunda hiki kikosi ni Colin Gubbins, mwanajeshi wa mizinga aliyekuwa ametoka kupigana Norway, na mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameandika vijitabu vya vita vya msituni. Huyu baadaye ndiye akawa mkuu wa SOE, wale waliokuwa wanaangusha majasusi na miamvuli kule Ufaransa. Kule Kent, ambako ndiko karibu zaidi na adui, walioanzisha ni Peter Fleming, kaka wa yule Ian Fleming wa James Bond, na Mike Calvert ambaye baadaye alisumbua sana Wajapani huko Burma.

Gubbins akatawanya maofisa wake mikoa ya pwani kuanzia Scotland huko juu, ukashuka mashariki mpaka kusini, ukapinda mpaka Wales. Ofisa anafika kijijini, anamtafuta mtu mmoja anayeaminika, mara nyingi mkulima mwenye shamba lake. Anamchunguza kimya kimya kwa polisi wa eneo, na polisi mwenyewe haambiwi ni kwa ajili ya nini. Kisha anamwendea, anamuuliza kwa mafumbo kama yuko tayari kufanya kitu cha hatari kidogo kuliko gwaride la Home Guard. Akikubali anasaini sheria ya siri za serikali kabla hajaambiwa lolote, halafu anaambiwa wewe tafuta wenzako watano sita unaowaamini kama nafsi yako.

Hapo ndipo penye akili. Mkulima hakuchagua watu wasiojuana, alichagua shemeji, mtoto wa mdogo wake, kibarua aliyemfanyia kazi miaka kumi na tano, jirani. Kila kikundi kilikuwa na watu kati ya wanne na wanane, na kikundi kimoja hakikujua kikundi cha kijiji cha jirani kiko wapi wala ni kina nani. Jumla yao walikuwa kama 3,500 kwa wakati, mahandaki yalipita 500. Kwa hiyo Kaka Mpole, siri haikutunzwa na kijiji. Ilitunzwa na watu sita ambao wangenyongwa pamoja.

Na kivuli chao kilikuwa hiyo hiyo Home Guard. Walivaa sare zake, wakaandikwa kwenye batalioni tatu, ya 201 huko Scotland na kaskazini, 202 katikati, 203 kusini. Mke akimuona mumewe anatoka usiku na sare anajua anaenda doria kama waume wa wenzake.

Sijui kama mmeshaanza kuona zile namba za kwenye beji.

Njoro77

Uzi moto. Lakini wasee mkiandika "Home Guard" hivyo sisi huku Central tunashtuka kidogo. Hapa Kenya home guard ni wale waliosimama na mkoloni wakati wa hali ya hatari, kuanzia 1952, cucu wangu, yaani bibi, aliwaita ngati, yaani ni guard imesemwa Kikuyu. Ngome zao zilizungukwa na handaki lenye vijiti vilivyochongwa. Mpaka leo ukimwita mtu ngati kwa kilabu mtapigana. Inashangaza Mwingereza jina alilowapa mashujaa wake wa kulinda kijiji 1940, miaka kumi na kitu baadaye ndilo jina la watu wa kutulinda sisi tusikombolewe.

Mbeba Boksi Mstaafu

Njoro77 asante sana hiyo point sikuwa nayo. Na kali zaidi ni kwamba mbinu yenyewe ya hawa wakulima, kulala chini ya msitu mchana na kutoka usiku, chakula kimefichwa, ndugu hawaambiwi kitu, ni mbinu ambayo watu wa Mau Mau wakiifanya waliitwa magaidi. Tuendelee nisije nikaharibu uzi wangu mwenyewe.

Chatu Mvivu

Mkuu hilo handaki lilikuwaje? Maana mimi nilishuhudia yale ya vita ya Kagera, shuleni kwetu tulichimba, ilikuwa mtaro tu, mvua ikinyesha vyura wanahamia.

Mbeba Boksi Mstaafu

Hili nimeliona kwa macho, ngoja nilieleze vizuri.

Toka kwa bibi yangu pale, kama nusu saa kwa gari, kuna kijiji kinaitwa Coleshill. Zamani palikuwa na jumba kubwa la bwanyenye mmoja, na jumba hilo ndilo lilikuwa makao makuu na chuo cha hawa jamaa. Jumba lenyewe liliungua 1952 likabomolewa, saivi ni nyasi tu na nguzo za geti. Shamba liko chini ya shirika la kutunza mali za kale, na msituni wamejenga mfano wa handaki, kuna siku maalum wanafungua watu wanaingia. Nikaenda.

Tumetembea msituni, yule mzee anayetuongoza akasimama akasema handaki liko hapa mlipo, litafuteni. Tuko watu kumi tunazunguka kama kuku, tunapiga piga majani kwa viatu. Hatukuona kitu. Nilikuwa nimesimama juu ya mfuniko.

Ule mfuniko ni kama trei kubwa la mbao limejazwa udongo na majani halisi juu, na uzito wake umepimwa kwa kamba na jiwe upande wa pili, ukigusa mahali pake unanyanyuka kama mlango wa friji. Chini ni shimo la wima na ngazi ya vyuma. Unashuka mgongo unagusa ukuta wa nyuma, mimi na kitambi changu nilipumua kwa mahesabu. Ukifika chini unainama unaingia kwenye chumba, paa lake ni mabati mazito yaliyopindwa nusu duara kama banda la kuku la kisasa, ukisimama katikati kichwa kinaenea, ukisogea pembeni unajigonga. Vitanda vya mbao na waya kushoto na kulia, meza ndogo, jiko dogo la mafuta, ndoo ya choo cha dawa nyuma ya pazia, na mwisho kabisa kijitundu cha bomba la zege ambalo ni njia ya kukimbilia, unatambaa kwa tumbo unatokea mtoni au kwenye kichaka.

Mzee akazima tochi akafunga mfuniko. Sijawahi kuona giza la namna ile, hata kwetu bila umeme giza lina nyota. Na unyevu, dakika tano tu pumzi zetu zimeanza kudondoka toka kwenye bati kama mvua, tone limenipiga shingoni nikaruka. Sasa fikiria watu saba na mishumaa na nguo mbichi na baruti chini ya kitanda.

Bomba la hewa walilificha kwenye kisiki kilichooza, moshi wa jiko wakaupitisha ndani ya mti wenye tundu. Kuna handaki moja kengele yake ilikuwa gololi, ukiitumbukiza kwenye tundu linalofanana na la panya inabingirika kwenye bomba inadondoka ndani ya kopo, ngriii, aliye chini anajua ni mwenzetu anafungua. Kuchimba walichimba askari wa uhandisi walioletwa toka mbali wasijue eneo, udongo unabebwa usiku unamwagwa kwingine, na mwanakijiji akiuliza anajibiwa ni ghala la chakula cha dharura. Basi anatikisa kichwa anaondoka, na labda anasema kwa mkewe serikali imejipanga.

Mama Wawili

Mimi ningekufa siku ya kwanza kwa kukosa hewa. Chakula je?

Mbeba Boksi Mstaafu

Chakula cha wiki mbili. Na hiyo wiki mbili sio bahati mbaya, ndio muda waliokadiriwa kubaki hai baada ya uvamizi, siku kumi na kitu hivi. Wenyewe walijua. Hapakuwa na mpango wa kumbeba majeruhi, hapakuwa na redio ya kuomba msaada, hapakuwa na siku ya kurudi. Wapo wazee waliohojiwa uzeeni wakasema waziwazi kwamba mwenzao akiumia vibaya wangemmaliza wenyewe asije akakamatwa akasema.

Silaha walipewa za kwanza kwanza, wakati jeshi lenyewe linalia njaa: bastola, bunduki za Thompson kama za majambazi wa Chicago, bunduki ndogo ya .22 yenye kizuia sauti, kile kisu chembamba cha makomandoo, mabomu ya kunata, na fyuzi mfano wa penseli, unaiminya kwa koleo, kemikali kali inaanza kula waya ndani taratibu, na wewe unapata muda wa kwenda zako. Na kila kikundi galoni moja ya ramu, imefungwa kwa lakiri, ya kutumia hali ikiwa mbaya kabisa.

kisiki_cha_mpingo

Galoni ya ramu imefungwa, watu saba, chini ya ardhi, miaka minne. Hapo ndio sasa na mimi nasema chai.

Mbeba Boksi Mstaafu

😂😂 Kisiki ramu ilidaiwa irudishwe mwisho wa vita. Zilizorudi zimejaa ni ngapi Mungu anajua.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni kitabu chao cha mafunzo. Kinaeleza namna ya kupima baruti ya kukata reli, wapi pa kubandika bomu kwenye ndege, vyote. Sasa utakiwekaje nyumbani? Wakakitengenezea jalada la shajara ya mkulima ya mwaka 1939, nje kuna tangazo la mbolea ya Highworth, kwamba inafanya kazi yake bila kuonekana mpaka uone matokeo. Shajara ya mwaka uliokwisha zamani, ya mbolea, nani ataifungua? Unaitupa jikoni pamoja na magazeti ya kufungia maandazi.

Na Highworth sio jina la kubuni. Ni mji mdogo kama kilomita 5 toka Coleshill. Waliokuja mafunzo toka mikoani hawakuambiwa habari za jumba, waliambiwa fika posta ya Highworth, muone mama wa posta. Aliitwa Mabel Stranks, mama wa makamo, anauza stempu. Unampa neno la siri, anakutazama juu mpaka chini, anaingia ndani anapiga simu, anarudi anasema kuna mtu anakuja kukuchukua. Halafu anaendelea na stempu zake. Linakuja lori linakuzungusha vichochoro usijue umepita wapi. Jumapili jioni umeshajifunza kuua bila sauti, jumatatu alfajiri unakamua ng'ombe.

Mtoto wa Keya

Nimesoma nimevumilia sasa niseme. Wakati hawa wanakaa kwenye handaki wanasubiri Mjerumani ambaye hakuja, babu yangu alikuwa keya, KAR, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, amepelekwa Abisinia kisha Burma 1944, bonde la Kabaw wamepita kwenye matope ya masika na malaria, amerudi na koti na viatu. Hakuna aliyemuimba. Leo tunaandika uzi mrefu kwa ajili ya mkulima wa kizungu aliyelala shambani kwake.

Mbeba Boksi Mstaafu

Mtoto wa Keya sikupingi hata kidogo, andika uzi wa babu yako nitakuwa wa kwanza kuusoma, na ninasema kweli. Ila hawa nao usiwaone walilala tu. Septemba 7, 1940 usiku ilitumwa neno la siri la tahadhari, Cromwell, kwamba uvamizi unaweza kuwa usiku huo. Makanisa sehemu zingine yakapiga kengele. Baadhi ya hawa jamaa wakaaga kwao kama wanaenda doria, wakazama. Wakafunga mfuniko wakijua mke na watoto wako juu na Mjerumani anakuja. Wiki hiyo hiyo jeshi la Ujerumani limeshaandika amri kwamba Uingereza ikitekwa wanaume wote wa miaka 17 mpaka 45 wasafirishwe nje. Ilikuwa uongo wa taarifa, hakuna aliyetua, siku kadhaa baadaye Hitler akaahirisha. Lakini aliyekaa kule chini usiku ule hakujua.

Na baadaye wengine hawakubaki shambani, 1944 kuna waliochukuliwa na SAS, kikosi maalum cha makomandoo, wakaangushwa Ufaransa.

Kaka Mpole wa Same

Haya naanza kulainika. Swali: kijana ana nguvu zake, hajaenda vitani, anaonekana kijijini kila siku. Watu hawakumsema?

Mbeba Boksi Mstaafu

Walisemwa mno. Wengi walikuwa na msamaha wa kutoandikishwa kwa sababu kulima ni kazi ya lazima, sasa mama ambaye mwanawe yuko jangwani Libya anamuona huyu kijana anaendesha trekta anaimba. Kule kuna tabia tangu vita ya kwanza ya kumpa mwanaume unyoya mweupe, maana yake wewe ni mwoga. Baadhi yao walipewa. Unapewa unyoya mbele ya watu dukani, na chini ya msitu wako una kilo kadhaa za baruti na umeshakubali kufa ndani ya wiki mbili, na unachoweza kusema ni asante mama.

Wakawa wanautia mfukoni wanaondoka.

Chatu Mvivu

Baba alikuwa mgambo 1978, pande za Bukoba. Yeye alivyoondoka kijiji kizima kilijua, wanawake walitoka wakapiga vigelegele, alivyorudi wakapiga tena. Na hata hivyo mambo mengine hakuyasema mpaka anakufa. Sasa huyu ambaye hata vigelegele hakupata.

Mama Wawili

Wanawake hawakuwemo?

Mbeba Boksi Mstaafu

Walikuwemo tena sehemu ya siri zaidi. Kulikuwa na tawi la pili, la kupeleleza, lenye raia wa kawaida: mchungaji wa kanisa, daktari, mama wa nyumbani, mwenye baa. Kazi yao ilikuwa kutembea kama kawaida, kuhesabu magari ya adui, kuandika kikaratasi na kukiacha mahali, ndani ya mpira wa tenisi uliopasuliwa kwa mfano. Mwingine anapita anaokota, hamjuani. Kinafika kwa mtu mwenye redio, na redio zinapokelewa na mabinti wa jeshi waliokaa kwenye mahandaki yao wenyewe. Hawa wa upelelezi na wale wa mabomu wala hawakuambiwa habari za wenzao, unaweza kuwa jirani yako wa ukuta.

Njoro77

Na mwisho wao?

Mbeba Boksi Mstaafu

Novemba 1944 waliambiwa basi, imetosha. Wakapewa barua toka kwa kamanda wao, na ndani yake kuna maneno kwamba kwa vile maisha yenu yalitegemea usiri, haitawezekana kuwashukuru hadharani. Wakapewa na kile kibeji cha kubana kwenye koti, kidogo kama ukucha wa dole gumba, ngao nyekundu na buluu, namba zake ni zile za batalioni tatu, 201, 202 na 203. Hakina neno lolote. Ni kitu ambacho anayekijua tu ndiye atajua.

Kitabu cha kwanza cha kuwaeleza kilitoka 1968, na hata baada ya hapo wengi waliona kiapo ni kiapo. Mwaka 2013 ndio mara ya kwanza waliruhusiwa kuandamana na wenzao kwenye siku ya kumbukumbu pale London. Hesabuni wenyewe waliobaki walikuwa wangapi na wana miaka mingapi. Na mahandaki bado yapo, mengi yamebomoka, wakulima wanayakuta trekta linapozama tairi.

Kaka Mpole wa Same

Nafuta neno chai. Ila hujamaliza, yule bibi wa kopo la vifungo je? Ulimwambia? Au ndio siri ya mteja?

Mbeba Boksi Mstaafu

Ruhusa ya kuandika alinipa mwenyewe, majina na kijiji siweki.

Nilimwambia. Nilisubiri siku ametulia, nikamuonyesha picha ya beji kama ile kwenye simu, nikamsomea taratibu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kile kibeji amekishika anakigeuza geuza kwa kidole. Halafu akaniambia baba yake alikuwa anatoka usiku mara mbili tatu kwa wiki miaka ile yote, anarudi alfajiri magoti yana udongo, haongei. Mama yake hakuuliza. Hakuwahi kumuuliza hata mara moja, ila aliacha kulala naye chumba kimoja, na mpaka anakufa miaka ya sabini alikuwa anaamini kuna mwanamke mjini Faringdon.

Akakaa kimya sana. Kisha akaniomba nimletee koti lake lile la kanisani.